Usemi Tuupendao Katika Hadithi

Watu wengi wakimwona mwalimu humwuliza swali hili: "Mwalimu, kitabu gani cha hadithi ni kizuri?" Nasi kila mara twaona taabu kujibu upesi, kwa sababu hadithi ina mambo mawili yaliyoshikamana kama nyama na mfupa: kuna habari inayosimuliwa, na kuna usemi wa kuisimulia. Habari njema yaweza kuharibiwa na usemi mbaya, kama unga mzuri uwezavyo kuharibiwa na mpishi asiyejua kusonga. Na habari ndogo, ya mtu mmoja na mbuzi wake mmoja, yaweza kukaa moyoni mwa msomaji miaka mingi ikiwa imesemwa vema. Juu ya habari watu hubishana sana. Juu ya usemi hawasemi neno. Basi leo, kwa ruhusa ya Bwana Mtengenezaji, twataka kusema juu ya usemi: ni upi tuupendao tusomapo hadithi, na upi tuupendao tuandikapo, na kwa sababu gani.

Pengine msomaji atasema, "Hilo ni jambo la watu wenye nafasi. Sisi tuna mashamba ya kulima." Neno hilo tumelisikia, wala si la kudharauliwa. Walakini tufikiri kidogo. Mtu wa mjini mwenye vitabu arobaini akikosa raha katika kimoja hukiweka akachukua kingine. Mtu wa kijijini anunuaye kitabu kimoja baada ya kuuza mahindi hana kingine cha kuchukua. Kitabu hicho kitasomwa na yeye, na mkewe, na watoto, na jirani, mpaka jalada litoke. Maneno yake yataingia katika barua zao na katika insha za watoto wao. Kwa hiyo mwenye kitabu kimoja ndiye apaswaye kuchagua zaidi ya mwenye vingi.

Sisi tu watu wa Songea. Nyumbani twasema Kingoni, na jirani zetu wasema Kimatengo, Kindendeule, Kiyao, na lugha za ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kiswahili twakijua sote, na watoto wa siku hizi wengine hukijua kabla ya lugha ya babu zao. Hata hivyo Kiswahili cha vitabu kilitufikia kwa mlango wa shule na wa kanisa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha kuandika, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyosahihisha vitabu kabla ya kupigwa chapa. Kazi hiyo ilileta faida kubwa, maana mtu wa Songea na mtu wa Lamu waliweza kusoma kitabu kimoja wakaelewana. Lakini ilileta na tabia moja kwetu watu wa bara: mtu akishika kalamu huvaa Kiswahili kama nguo ya sikukuu. Hutembea polepole asije akaichafua, wala hathubutu kuketi chini. Kinywani husema, "Mvua ikatukuta njiani." Kalamuni huandika, "Tukiwa katika hali ya kusafiri tulikabiliwa na mvua." Mvua ni ile ile, lakini katika maneno ya pili hakuna aliyelowa.

Tunayo desturi moja nyumbani kwetu. Jioni, baada ya chakula, twasoma hadithi kwa sauti, na wasikilizaji ni wazee wasiojua kusoma, akina mama wanaopukuchua mahindi, na watoto. Katika kusoma hivyo tumetambua kwamba wasikilizaji wana maneno matatu. La kwanza ni "Enhe!", nalo maana yake mwandishi yumo njiani, na aendelee. La pili ni "Rudia hapo," nalo ni heshima kubwa, maana wamesikia neno lililo tamu au zito, nao wataka kulionja tena. La tatu ni "Kisha akafanya nini?" Neno hili likisemwa mara moja ni dalili ya hamu. Likisemwa mara tatu katika ukurasa mmoja, ni dalili kwamba mwandishi amesimama njiani akikitazama kivuli chake. Basi kwa maneno haya matatu tumevipima vitabu vingi, na hapa twataja vichache.

Kwanza, vitabu vilivyofasiriwa. Karibu na mwaka 1930 Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha, alitia katika Kiswahili hadithi za Kiingereza kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Wazee wengi waliosoma katika shule za misheni walionja riwaya mara ya kwanza katika vitabu hivyo. Usemi wake ni mkavu na mwepesi. Sentensi hutoka, hufanya kazi yake, hurudi. Nyumbani kwetu vitabu hivi hupata "Enhe!" nyingi, hata watoto hukataa kwenda kulala. Lakini "Rudia hapo" haisikiki mara nyingi. Safari ni nzuri, ila jicho linalotazama nchi ni la mgeni: aona mlima ni kizuizi na msitu ni hatari. Mwenye kuishi katika msitu ule huona zaidi ya hayo. Huona mahali pa kuni, mahali pa uyoga, na mahali alipozikwa shangazi yake.

Pili, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mtu aitwaye Karama ashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo mema, wakalipwa mateso. Usemi wa kitabu hiki ni wa mshairi. Maneno huja mawili mawili, yakipimana kama vitasa vya mizani, na kila ukurasa una neno la hekima. Hapa wasikilizaji wetu husema "Rudia hapo" mpaka usomaji huwa mrefu kuliko jioni. Nasi twaupenda usemi huo, tena twauonea fahari. Yafaa kukumbuka kwamba aliandika chini ya serikali ya kigeni, wakati ambapo mtu hakuweza kusema waziwazi juu ya watawala wasiosikia. Nchi iliyo angani, watu wenye majina ya sifa na ya aibu, hotuba ndefu za adabu: hayo yote yalimpa nafasi ya kunena neno kali kwa sauti ya upole. Usemi wake ulitoka katika haja yake.

Lakini wanaomwiga wamechukua kanzu, wamemwacha mwenye kanzu. Wameona mifano na methali, wakadhani huo ndio uandishi. Mtu ataandika kwamba binti alikuwa na macho kama nyota, meno kama lulu, shingo kama twiga, na mwisho wa sifa hizo hatumjui binti hata kidogo. Tukikutana naye njiani hatutamtambua. Hapo ndipo wasikilizaji wetu huuliza, "Kisha akafanya nini?"

Tatu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi, kikapigwa chapa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi, na mpelelezi ni Bwana Msa, mtu wa kiko na akili nyingi. Tukipendacho hapa ni mazungumzo. Kila mtu ana kinywa chake: tajiri hasemi kama mtumishi, wala mwenye hofu hasemi kama mwenye hila. Yafunikwe majina kwa kidole, bado utajua nani anasema. Kiswahili cha watu hawa si cha sikukuu. Ni cha kila siku, nacho ni kizuri kweli kweli. Sisi wa Songea hatuwezi kusema kama watu wa Unguja, wala haitupasi kujaribu. Twaweza kujifunza kwake jambo moja tu: kusikiliza jirani zetu wasemavyo, kama yeye alivyowasikiliza wa kwake.

Nne na tano, twataja watu wawili waliotoka katika kisiwa kimoja, Ukerewe. Wote wawili walisoma seminari, na wote wawili waliandika juu ya watu wa vijijini, lakini usemi wao haufanani kabisa.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ni habari ya msichana aliyelelewa kwa hofu ya baba mlevi na mkali, akaenda shule ya mbali asijue namna ya kujitawala, akapotea. Kitabu hicho kilikatazwa shuleni kwa muda, na baadaye kikawa miongoni mwa vitabu vya kusomwa katika shule za sekondari. Hata leo wako wazazi wasiokipenda, nasi hatuwalaumu kwa kuwahurumia watoto wao. Ila tutazame usemi wake. Sentensi ni fupi. Maneno ni ya kila siku. Mwandishi hatoi machozi kwa niaba yetu. Baba ampiga binti kwa sababu ya barua, naye mwandishi atuonyesha fimbo na mama na wadogo zake wanaotazama, basi. Tuliposoma mahali hapo nyumbani hakuna aliyesema "Enhe!" wala "Rudia hapo". Wote walinyamaza, na mzee mmoja akainuka akaenda nje. Hapo tuliona kwamba kuna neno la nne, nalo ni ukimya. Lingesemwa kwa mifano ya nyota na lulu, mzee yule angaliendelea kuketi.

Mwenzake ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Huyu aliandika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Wa kupiga chapa kitabu kikubwa kwa lugha ya watu wachache hakupatikana. Yeye mwenyewe akakitia katika Kiswahili, na mwaka 1980 ndipo kilipotoka Dar es Salaam katika sehemu mbili. Mwaka 1981 akafariki. Alingoja miaka thelathini na mitano.

Usemi wa Kitereza ni wa polepole. Mtu akifika kwa wakwe, hatuambiwi tu kwamba aliwasalimu; twasikia salamu zote, na majibu yake, na jinsi alivyopewa mahali pa kuketi. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, twajua ndizi ziliivishwaje, zikakamuliwaje, nani alibeba vyungu. Mtu wa mjini aweza kuchoka. Sisi tulipoanza kukisoma nyumbani tulidhani kwamba tutasikia "Kisha akafanya nini?" kila ukurasa. Haikuwa hivyo. Akina mama waliacha kupukuchua mahindi wakaanza kusahihisha: "Sisi kwetu hatufanyi hivyo, sisi kwanza twa..." Kila mmoja akaeleza namna ya kwao. Kitabu cha Ukerewe kiliwafanya watu wa Songea wakumbuke ya Songea. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote tuzijuazo katika usemi wa hadithi, nayo imetokana na vitu vidogo vilivyotajwa kwa majina yake.

Basi kisiwa kimoja kimetupa mwendo wa haraka na mwendo wa polepole, na yote miwili twaipenda. Kwa hiyo mtu asidhani twasema sentensi fupi ni njema na ndefu ni mbaya. Sentensi ndefu ya Kitereza ina chungu ndani yake, na mtu, na moto. Ile tusiyoipenda ni sentensi ndefu isiyo na kitu ndani, kama gunia lililojazwa pumba.

Sasa tuseme juu ya kuandika. Sisi huandika visa vidogo kwa ajili ya darasa na kwa magazeti, nasi twafuata mambo manne.

La kwanza ni kukitumaini kitendo. Nguvu ya Kiswahili imo katika kitendo zaidi ya katika sifa. Neno moja, "hatukuandikiana", lina watu, lina wakati, lina kukana, lina kupeana baina ya wawili. Na kwa mtu aliyeachwa na ndugu yake ugenini lina huzuni pia. Lugha nyingine zahitaji maneno manne au matano kusema hayo. Mwenye lugha kama hii akitaka kumwonyesha mtu mwenye huzuni, haimpasi kulundika sifa. Na atafute kitendo: alifanya nini mkono wake, alitazama wapi, aliacha nini bila kula.

La pili ni kuchunga mwendo wa nyakati. Waswahili wanayo "-ka-", nayo ni mto wa hadithi: akainuka, akachukua jembe, akaenda. Mto huu ni mzuri, lakini ukiachwa peke yake msomaji hulala mtumbwini. Yafaa kuweka "-ki-" ili jambo moja lionekane likiendelea wakati jingine linatokea, na "hu-" ili tujue desturi ya mtu kabla hatujaona siku alipoivunja. Mtu akiandika, "Baba hurudi kabla ya jua kuzama. Siku ile taa ziliwashwa," amekwisha kututia hofu, wala hakulitaja neno hofu.

La tatu ni kutoona aya juu ya maneno ya nyumbani. Hatusemi kwamba maneno ya asili ya Kiarabu yatupwe. Sadaka, shukrani na fikira ni yetu zamani sana. Twasema tu kwamba mtu asiende kutafuta katika kamusi neno la kumtia jirani yake haya. Na ikiwa kitu cha kwetu hakina jina katika Kiswahili cha vitabu, na kiitwe kwa jina tunaloliita, kisha kielezwe kwa maneno machache. Kitereza alifanya hivyo, na Kiswahili hakikuvunjika.

La nne ndilo gumu kwa sisi walimu: ni kuiacha hadithi iseme yenyewe. Tabia yetu ni kusimama katikati ya kisa tukatoa mafundisho, na mwisho tukayarudia, kama kwamba msomaji ni mtoto wa darasa la kwanza. Wako watakaosema kwamba wazee wetu hufunga hadithi zao kwa onyo. Ni kweli. Lakini onyo la mzee ni neno moja, akisema huku anainuka kwenda kulala. Na tukumbuke mfano wa mwana mpotevu, unaojulikana kwa kila asomaye gazeti hili. Umekwisha baba na mwana mkubwa wakiwa bado nje ya nyumba, ngoma zikilia ndani. Hatuambiwi kama mwana mkubwa aliingia. Karne nyingi zimepita, na kila asikiaye hubaki pale nje pamoja naye, akijiuliza kama yeye angaliingia. Kama mwisho ule ungalijazwa kwa mafundisho, tungaliingia ndani, tukala nyama, tukasahau.

Tumesema kwamba jambo hili si la anasa, na sasa tutatoa ushahidi. Katika shule moja tuliyofundisha, watoto waliambiwa waandike insha juu ya siku wasiyoisahau. Wengi waliandika kama ilivyo desturi: methali mwanzoni, jua lililotandaza miale ya dhahabu, ndege waliotumbuiza, na methali nyingine mwishoni. Msichana mmoja aliandika karibu hivi:

"Mama alipima mahindi nyumbani, debe tano. Tukabeba, tukapata gari, tukafika kwa mnunuzi. Mnunuzi akaweka gunia juu ya mizani akasema, kilo themanini. Mama akasema, nyumbani ni debe tano. Yule akasema, hapa hakuna debe, hapa kuna mizani. Mama akafunga khanga yake mara mbili akapokea fedha. Tulirudi kwa miguu ili fedha ya gari ibaki. Siku zote mama huimba njiani. Siku hiyo hakuimba."

Mwalimu mwenzetu aliyesahihisha alimpa alama chache. Tulimwuliza sababu, naye alijibu kwa uungwana, na majibu yake yalikuwa na uzito. Alisema, "Ndugu yangu, mimi pia nimeguswa. Lakini mtihani hautasahihishwa na mimi wala na wewe. Msahihishaji wa mbali atatafuta utangulizi, na methali, na tamathali za semi. Asipoziona atakata alama. Binti huyu akikosa nafasi ya sekondari, hadithi yake nzuri itamsaidia nini? Atarudi kubeba gunia lile lile." Nasi tulinyamaza kwanza, maana alikuwa amesema kweli juu ya mtihani, na maisha ya mtoto si kitu cha kuchezea kwa sababu ya mapenzi yetu ya usemi.

Hata hivyo tulimjibu hivi. Kama binti yule angalianza kwa methali, mathalan ile ya kitanda na kunguni wake, angalitupa jibu kabla ya kutusimulia jambo. Kama angaliongeza miale ya dhahabu, angalimdanganya mama yake, maana siku ile hakuna aliyetazama miale. Tena kuna jambo kubwa zaidi. Mtoto aliyefundishwa kwamba yaliyompata si maandishi mpaka yapakwe rangi, hujifunza pia kwamba yaliyompata hayana thamani. Kesho akiwa mtu mzima, akitaka kuandika kwa halmashauri juu ya mizani ya uongo, ataandika juu ya jua na ndege, na mwenye mizani ataendelea kupima. Mwenye kuweza kusema "debe tano" na "kilo themanini", kwa utaratibu, bila kelele, huyo atasikilizwa.

Tulishauriana muda mrefu, mwisho tukapatana hivi. Watoto wafundishwe waziwazi kwamba kuna insha ya mtihani, nayo ina kanuni zake, na kanuni hizo wazijue vizuri, kama mtu ajuavyo njia ya kwenda mahakamani. Na kuna hadithi, nayo kanuni yake ni kusema jambo lilivyokuwa, mpaka asiyekuwapo alione. Kila juma kipindi kimoja kikawekwa kwa hadithi, bila alama. Zilizo njema zikanakiliwa kwa mkono safi katika daftari moja la darasa. Binti yule alijifunza utangulizi na methali, akafaulu mtihani, akaendelea na masomo. Hadithi yake ya mizani ikawa ya kwanza katika daftari, na watoto waliokuja nyuma yake waliisoma.

Katika daftari lile imo na hadithi fupi ya mvulana aliyepelekwa kutazama makumbusho ya Majimaji hapa Songea. Wenzake waliandika kwamba damu ilimwagika kama mvua na mashujaa walinguruma kama simba. Yeye aliandika kwamba aliona kaburi la watu wengi waliozikwa pamoja, na kaburi la Nduna Songea Mbano peke yake, na kwamba alijiuliza kwa nini mtu aliyenyongwa mwaka 1906 kama wenzake hakulazwa pamoja nao. Hakuongeza neno. Tulipoisoma nyumbani, mzee mmoja alisema, "Rudia hapo." Kisha akaanza kusimulia mambo aliyoyasikia kwa babu yake, ambayo sisi hatukuwa tumeyasikia kamwe.

Wasomaji wapenzi, hapa kwetu wako wazee wajuao namna tumbaku ilivyofungwa na kupelekwa kwa miguu, namna posa ilivyojadiliwa, namna mtu alivyoaga alipokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na alivyopokelewa aliporudi, au namna walivyongoja asirudi. Habari hizo hazihitaji kuvalishwa. Zahitaji mtu mwenye kalamu aketi kwenye kigoda karibu na mzee, aandike jina la kila kitu kama mzee alitamkavyo, na asiogope kuuliza, "Kisha mkafanya nini?" Akiisha kuandika, na amsomee mzee yule yale aliyoyaandika. Mzee akinyamaza, au akisema "Rudia hapo," kazi imefaa. Akisema, "Hayo maneno si yangu," basi na akate, aandike tena.